Tangi la matumbawe la lita 180, Nairobi: nitumie kanista niliyo nayo au nijenge sampu?

Mkaazi_SouthC anauliza:

Habari zenu wadau. Nahitaji ushauri wa kuchuja maji kabla sijanunua chochote.

Tangi ni la kioo, sm 90 kwa 45 kwa 45, yaani lita 180 na ushei. Liko South C, ghorofa ya tatu, juu ya stendi ya chuma ambayo ndani ina nafasi ya sm 78 kwa 40 na kimo cha sm 65. Mpango ni kuanza na matumbawe laini: zoa, uyoga na yale ya ngozi, pamoja na samaki wadogo wanne au watano, wawili wakiwa klaunifishi. Mambo yakitulia, mwaka wa pili niongeze Euphyllia, matumbawe magumu.

Nina kanista (kichujio cha kopo lililofungwa, kinachokaa nje ya tangi) iliyokuwa ikitumika kwa samaki wa maji baridi, lita 1,000 kwa saa, trei tatu za sponji na vipande vya kauri. Dukani nimeambiwa inatosha, niongeze chumvi tu. Lakini nikisoma naona sampu (tangi la pili la kuchujia, chini ya lile kuu), skima (ya kutoa uchafu kwa povu), mwani, UV (taa ya kuua vijidudu), na kila mtu anasifu chake.

Hali ya nyumba ni hii: maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, siku nyingine ploti inapandisha ya kisima kwenye tangi la paa. Stima hupotea, safari nyingine usiku kucha. Kuna inverta na betri moja ya 12 V, 100 Ah, ya taa na runinga.

Kipi ni cha lazima, kipi kinaweza kungoja, na kipi nisiguse kabisa?

---

FundiSampu anajibu:

Karibu ndugu. Ukichagua kichujio hapa Nairobi, anza kwa kufikiria ule usiku ambao stima haipo. Hapo ndipo kanista inaposhindwa.

Kanista ni chombo kilichofungwa. Bakteria wa kwenye sponji na kauri wanatumia oksijeni ya maji yanayopita. Pampu ikisimama, maji yaliyobaki ndani hayana pa kupatia hewa. Baada ya saa chache oksijeni imeisha, bakteria wanasimama kazi, na uchafu ulionaswa unaoza bila hewa na kutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Stima ikirudi saa kumi alfajiri nawe umelala, pampu inaumwaga mchuzi huo wote juu ya samaki na matumbawe.

Mwinuko wetu nao unaongeza hatari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 yakishiba hewa kule pwani hubeba oksijeni karibu mg 6.8 kwa lita. Hapa hayawezi kupita 5.5 hivi. Miongozo mingi unayosoma imeandikwa kwa watu wanaoishi usawa wa bahari. Sisi tunaanza na akiba ndogo, kwa hiyo kichujio chochote kinachokula oksijeni bila kuirudisha ni mzigo.

Tena kanista inaishia kwenye naitreti. Bakteria wapendao oksijeni wanageuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, basi. Kuitoa naitreti kama gesi ya naitrojeni ni kazi ya bakteria wengine, wanaokaa penye oksijeni haba, ndani ya vitundu vya mawe. Ndiyo maana kichujio kikuu cha tangi la matumbawe ni mwamba wenyewe, na mwamba hauhitaji plagi. Ukipata mkondo tu unafanya kazi.

Kwa tangi lako weka kilo 15 hadi 18 za mwamba wenye vitundu. Usiujenge kama ukuta ulioegemea kioo cha nyuma. Panga visiwa viwili, maji yapite nyuma na chini yake. Uchafu ukitulia mahali pasipo na mkondo, hapo ndipo mwani mbaya unapoanzia. Ndani ya tangi unataka mkondo wa mara 20 hadi 30 ya ujazo kwa saa, yaani lita 3,600 hadi 5,400, kwa pampu mbili ndogo za mawimbi badala ya moja kubwa. Moja ikiharibika, nyingine ipo.

Sasa sampu. Kwa stendi yako inaenea ya sm 70 kwa 35, kimo sm 35, kioo cha milimita 6. Fundi wa vioo yeyote mzuri ataikata, ila silikoni mnunulie wewe mwenyewe. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua. Chukua silikoni tupu ya asetiki, na uiache ikauke siku saba kabla ya kutia maji.

Vyumba vitatu. Cha kwanza, sm 30 hivi, kinapokea maji yanayoshuka na ndicho cha skima. Kioo chake cha kugawia kiwe na kimo cha sm 20, ili maji yasimame hapo hapo daima, kwa sababu skima nyingi za ndani ya sampu zinataka kina cha sm 18 hadi 22 kisichobadilika. Cha pili, sm 20, ni cha mwani. Kisha vioo vitatu vya kukata mapovu vyenye nafasi ya sm 2.5 kati yao, kile cha katikati kikiinuliwa sm 2.5 kutoka sakafuni. Cha mwisho ni cha pampu ya kurudisha maji, na hapo ndipo utakapoona maji yakipungua kwa kukauka.

Hesabu inayowaponza wengi ni ya maji yanayorudi chini stima ikipotea. Maji ya tangi yanashuka mpaka usawa wa meno ya kufurikia (mipasuo ambayo maji hupitia kwenda sampu), tuseme sm 3: 90 × 45 × 3 ni lita 12. Ongeza yaliyo kwenye mabomba na sanduku la kufurikia, lita 3 au 4. Jumla kama lita 16. Kwenye sampu ya vipimo hivyo zitapandisha maji sm 7, kutoka 20 hadi 27, na kimo ni 35. Umesalimika. Lakini mdomo wa bomba la kurudisha ukiwa umezama sm 10 ndani ya tangi, utanyonya maji kurudi chini mpaka sm 10 ziishe: zaidi ya lita 40, na jirani wa ghorofa ya pili atakuja kubisha. Weka mdomo usizidi sm 2 chini ya usawa wa maji. Usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi. Konokono mmoja au chembe ya chumvi inatosha kuiacha wazi.

Kushusha maji: toboa kioo cha nyuma, mashimo mawili ya bomba la mm 32. Moja lenye valvu ya geti chini, linalojaa maji na kushuka kimya. La pili tupu, mdomo wake juu kidogo, la dharura. Hakikisha kwanza kioo unachotoboa hakijaimarishwa kwa joto, maana hicho kikiguswa na keekee kinamwagika chote vipande vipande. Usinunue kisanduku cha kuning'iniza chenye bomba la U linalovuka ukingo wa tangi. Stima ikienda na kurudi, hewa inabaki juu ya lile bomba, maji yanaacha kushuka, pampu inaendelea kupandisha, sakafu inalowa.

Pampu ya kurudisha: unahitaji lita 700 hadi 900 kwa saa zinazofika juu. Kutoka chini ya sampu hadi ukingo ni kama mita 1.3, pamoja na elbo mbili tatu. Pampu iliyoandikwa lita 2,000, yenye uwezo wa kupandisha mita 2.5, itakupa karibu na hizo. Iwe ya 240 V, 50 Hz. Ya Marekani ya 110 V ni maumivu.

Skima: chagua iliyopimwa kwa lita 300 hadi 400. Nitarudi kwenye skima wakishauliza wengine. UV si ya kuanzia.

---

Binti_Mwani anajibu:

Sampu nakubali, na hesabu ya kurudi maji hiyo kila mtu aibandike ndani ya mlango wa stendi. Skima ndiyo sikubali kuwa ya lazima siku ya kwanza kwa tangi la matumbawe laini na samaki wanne.

Zoa, uyoga na yale ya ngozi wanapenda maji yenye chakula kidogo. Lenga naitreti mg 5 hadi 10 kwa lita na fosfeti 0.03 hadi 0.1. Anayeweka skima kubwa, dawa ya kufyonza fosfeti, na kulisha samaki punje tatu, anaishia sifuri kwa sifuri, na sifuri hiyo inaita dinoflajeleti: kamasi ya kahawia yenye vipovu, inayofunika mchanga mchana na kupungua usiku. Kuiondoa ni kazi ya miezi. Naitreti ya 15 haijawahi kuua uyoga.

Mwani wa Chaetomorpha kwenye chumba cha pili unafanya kazi nyingi kwa pamoja: unakula naitreti na fosfeti, unatoa oksijeni, na unawapa vidudu vidogo mahali pa kuzaana. Konzi mbili zinatosha kuanzia. Taa ya LED ya mimea ya wati 10 hadi 15, iwake saa 12 hadi 14, na iwake wakati taa ya tangi imezimwa. Usiku matumbawe na samaki wanatoa kaboni dayoksaidi, pH inashuka. Mwani ukiwa kwenye mwanga saa hizo unaila na kuziba pengo. Chumba kikijaa toa theluthi moja, usitoe wote. Ukiona unageuka mweupe na kukatika katika, njaa imeingia: naitreti au fosfeti imegusa sifuri, au chuma kimekosekana.

Caulerpa usiweke, hata ukipewa bure. Ukipata mshtuko unaachilia mbegu zake zote kwa usiku mmoja, maji yanakuwa maziwa, na kila ulichokiondoa kwa miezi kinarudi tangini.

Kaboni amilifu usiiache nje. Matumbawe ya ngozi yanatoa kemikali za kupigania nafasi, na ukishaongeza Euphyllia zitadumaa bila kujua sababu. Nusu kikombe, ml 100 hadi 120, ndani ya kimfuko cha wavu, mahali maji yanapopita. Ioshe kwanza kwa maji ya RO (yaliyochujwa kupitia membreni) mpaka vumbi jeusi liishe, ibadilishe kila wiki tatu hadi nne. Makaa ya jikoni hayafanyi kazi hiyo hata kidogo: hayajafunguliwa vitundu kwa mvuke wa joto kali, na majivu yake yanatia fosfeti na magadi kwenye maji.

Soksi ya kuchujia ya mikroni 200 ni nzuri, lakini kwa mtu anayeweza kuibadilisha kila siku tatu au nne. Ikikaa wiki mbili imekuwa kanista nyingine. Ukijua hutaweza, weka bapa la pamba ya poliesta la sm 2 na ulitupe kila siku tatu. Pamba ya kujazia mito inafaa kama haina manukato wala dawa ya kuzuia moto.

---

MajiSafi_Embakasi anajibu:

Mmeruka kichujio cha kwanza kabisa, kile cha kabla maji hayajaingia tangini. Kwa maji mchanganyiko ya mfereji na kisima, hapa ndipo matangi mengi ya Nairobi yanapoharibikia.

Maji ya mfereji yanatoka milimani, Ndakaini na Sasumua, na kwa kawaida ni laini, yenye klorini. Ya kisima ni habari nyingine: visima vingi vya jijini vina baikaboneti na floraidi nyingi. Na hujui siku gani tangi la paa lina yapi. Nunua mita ya TDS (inapima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni), pima kila unapochota.

Mtambo wa RO uwe na hatua nne: sedimenti ya mikroni 5, kaboni ya bloku, membreni, kisha resini ya DI (inayonasa madini yaliyobaki). Kaboni ndiyo inailinda membreni dhidi ya klorini, kwa hiyo ibadilishe kila miezi sita hata kama inaonekana mpya. Membreni nzuri inazuia asilimia 95 hadi 98. Ikiingia 500 ppm, baada ya membreni utasoma kati ya 10 na 25, na DI inashusha hadi 0. Ukisoma 60 baada ya membreni, tatizo ni membreni au kanieneo. Kubadilisha resini hakutakusaidia, utaimaliza kwa wiki.

Kanieneo ndilo jambo lisilosemwa na wauzaji. Membreni inataka kama bar 4. Kila mita 10 za kimo ni bar 1, kwa hiyo tangi la paa lililo ghorofa mbili juu yako linatoa bar 0.7 tu. Kwa kanieneo hiyo yatatona tone tone, mengi yatapotea, na TDS itapanda. Funga pampu ndogo ya kuongeza kanieneo, zile za 24 V zinazokuja na swichi zake. Membreni ya lita 280 kwa siku ikipata bar 4 inakutosha na kubaki. Maji ya baridi ya Julai yatapunguza kasi kama robo.

Kwa kila lita moja safi, lita tatu hivi zinatoka kama mabaki. Hayo ni maji ya kupiga deki na choo, elekeza bomba kwenye pipa. Ukibadilisha lita 20 kila wiki, umetumia 80. Ongeza lita mbili tatu za kujazia kila siku kwa kukauka, maana hewa yetu ni kavu, Januari na Februari hasa. Dada Binti_Mwani, ndiyo maana kwenye mtaa wa maji ya mgao mimi nasimama na skima. Bila skima tegemeo linakuwa kubadilisha maji, na siku mfereji ukikauka wiki mbili huna pa kuyatoa.

Kuchanganya: g 730 hadi 760 za chumvi ya tangi la matumbawe kwa lita 20 za RO, ifike uzito wa 1.026 ukilinganishwa na maji matupu, au chumvi 35 kwa elfu. Tia maji kwanza, chumvi baadaye, pampu ikizungusha. Ukitia chumvi kwanza kalsiamu inaganda chini kama chokaa na hairudi. Rifraktomita (kifaa cha kupima chumvi) irekebishwe kwa maji ya kipimo ya 35. Ukitumia maji matupu pekee, inaweza kukudanganya kule juu.

---

Mkaazi_SouthC:

Asanteni sana, wote. Nimepima leo: mfereji 70 ppm, kisima 540. Pampu ya kanieneo nimeielewa.

Nimebaki na mambo matatu. Moja, skima: naianza lini na naitegaje? Pili, mwamba. Kuna mtu anasema anaweza kuniletea mawe kutoka Diani, bei nafuu. Tatu, inverta hii itabeba nini?

---

FundiSampu:

Hoja ya Binti_Mwani kuhusu sifuri kwa sifuri ni ya kweli kabisa, na dawa yake ni kulisha vizuri na kuangalia vipimo. Skima haina hatia hapo. Na kwa mwinuko wetu naitaka kwa sababu ambayo haiandikwi kwenye boksi: inapitisha hewa nyingi ndani ya maji saa 24. Kwa hiyo mpango wangu ni sampu, mwamba na mwani kuanzia mwanzo; skima iingie samaki wa kwanza wanapoingia; dawa ya fosfeti ibaki kabatini.

Jinsi inavyofanya kazi: mafuta na protini zilizoyeyuka zinapenda kushika mpaka wa hewa na maji. Vipovu vidogo mno vinazipandisha hadi shingoni, povu linamwagikia kikombeni. Kwenye maji matamu vipovu vinakuwa vikubwa na kuungana, ndiyo maana skima ni ya chumvi.

Mpya itafanya wazimu siku tano hadi kumi: ama haitoi kitu, ama inafurika maji meupe. Ni mafuta ya kiwandani, acha. Valvu yake iwe wazi kabisa, kikombe juu. Ikitulia, funga valvu kidogo, robo ya mzunguko, halafu usiiguse hadi kesho yake. Unatafuta povu linalosimama chini ya shingo na kupanda pole pole, kikombe kikitoa uchafu wa rangi ya chai ya rangi. Mweusi mzito kama lami ni mkavu mno. Wa rangi ya maji ya mchele umelowa mno, na unapoteza chumvi.

Ikifurika ghafla baada ya wiki za utulivu, jiulize umetia nini: gundi ya matumbawe, dawa ya kuondoa klorini, mkono wenye losheni. Ikikauka ghafla, angalia mambo mawili. Shingo ikiwa na utando wa mafuta povu linavunjika, ipanguse kila siku mbili tatu. Au kimrija cha hewa kimeziba kwa chumvi mahali kinapoingia kwenye pampu. Kinyunyizie maji ya RO ya vuguvugu. Kila miezi mitatu loweka pampu yake saa moja kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, na utoe kile kijigurudumu cha sumaku ukisugue.

Julai mkifunga madirisha, pH ikigota 7.8 asubuhi, ujue ni kaboni dayoksaidi ya watu waliolala nyumbani. Refusha mrija wa hewa wa skima utoke dirishani. Inapanda bila dawa yoyote.

---

Mwambao_K anajibu:

Kuhusu mawe ya Diani: kataa. Ndani ya hifadhi za bahari kama Mombasa, Malindi, Watamu na Kisite hairuhusiwi kutoa chochote, na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hata ukiacha sheria, jiwe lililosafiri kwenye gunia chini ya basi kwa saa nane linafika limekufa ndani, na kuoza kwake kutakupa amonia ya kutisha. Isitoshe ni kuvunja nyumba za samaki kule ili kupamba huku.

Nunua mwamba mkavu wa kalsiamu kaboneti. Kama bajeti ni finyu, kuna yale mawe ya ujenzi ya Pwani yanayochongwa machimboni, nchi kavu. Hayo ni matumbawe ya kale yaliyogeuka chokaa. Ni mazito kuliko ya dukani, kwa hiyo kwa kilo ile ile unapata vitundu vichache. Vunja kwa nyundo upate vipande vyenye mashimo, ukatae chenye udongo mwekundu au alama ya saruji. Brashi ngumu, maji, kisha loweka kwenye RO wiki mbili na upime fosfeti. Ikizidi 0.1 badilisha maji, rudia. Jiwe la Ndarugu usilete: ni la volkano, si chokaa, na hujui linaachia nini. Mchanga wa ujenzi vivyo hivyo. Mchanga wa aragonaiti, punje mm 1 hadi 2, kilo 15 zitakupa sm 2.5.

Mwamba mkavu hauna bakteria, kwa hiyo usikimbilie samaki. Nyuzi 26, mkondo, giza. Tia kloridi ya amonia, amonia ifike mg 2 kwa lita, ongeza bakteria wa chupa ukiwapata wasiopigwa jua dukani. Siku ambayo mg 2 zinaisha ndani ya saa 24, na naitraiti nayo ni sifuri, mwamba umeiva. Wiki tatu hadi sita ni kawaida. Badilisha theluthi ya maji, uwashe mwani, uingize samaki wawili, si watano.

---

MajiSafi_Embakasi:

Inverta. Betri ya 12 V, 100 Ah ni Wh 1,200, lakini ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo 600. Toa asilimia 15 ya upotevu, baki na 510. Inverta yenyewe inakula kama wati 10 hata ikiwa haina kazi. Pampu moja ya mawimbi ya wati 8: jumla 18, inakwenda saa 28. Ukiongeza pampu ya kurudisha ya wati 25, jumla 43, ni saa 12 hivi. Hita ya wati 200 itamaliza betri kwa saa mbili na nusu. Iwe kwenye soketi isiyounganishwa na inverta kabisa. Joto likishuka polepole hadi 22 usiku mmoja si msiba kama kukosa mkondo. Zungushia blanketi pande tatu, juu acha wazi. Na runinga nayo izimwe.

Pampu ya mawimbi inayobaki kwenye betri ielekeze juu, ivunje uso wa maji. Ongeza pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha stima ikikatika. Ni ya bei rahisi, na inverta nayo hufa.

---

Mkaazi_SouthC:

Nimeelewa. Sampu naipeleka kwa fundi wa vioo Jumamosi. Swali la mwisho: hii kanista sasa niiuze, au ina kazi?

---

FundiSampu:

Ina kazi ukiitoa sponji na kauri zote. Ioshe kwa siki, suuza mara kadhaa kwa RO. Iliyotumika na dawa ya shaba wakati wa maji baridi usiiingize kwenye chumvi kamwe. Mipira yake inaifyonza shaba na kuiachia polepole, na konokono na kamba ndio watakaokufa kwanza.

Kama haikuguswa na shaba, itumie kuzungusha maji ya chumvi kwenye pipa unapochanganya. Au iweke kando na trei moja ya kaboni, kwa siku matumbawe ya ngozi yakitoa kamasi nyingi au mtu akipuliza dawa ya mende sebuleni. Iendeshe siku mbili tatu, kisha itoe, imwage, ikaushe. Na ikiwa inafanya kazi halafu stima ikatike zaidi ya saa mbili, chomoa plagi yake kabla stima haijarudi, na uyamwage yaliyomo kwenye sinki.